Besi ya sebuleni: kwa nini jirani anaipata kuliko wewe

Huku Mtwara watu wengi hununua muziki mkubwa baada ya kuuza korosho, na msimu ukifika swali ninaloulizwa ni lile lile: "Fundi, nichukue sabufa ya inchi ngapi?" Nami huuliza kwanza chumba kina urefu na upana gani, na kochi limekaa wapi. Besi utakayoisikia inaamuliwa na hayo kabla ya inchi. (Sabufa ninayoizungumzia ni boksi la besi peke yake lenye amplifaya yake ndani, si ile seti nzima ya redio.)

Chukua sebule ya kawaida, iwe Shangani au Chuno: mita 5 kwa 4, dari mita 2.8, kuta za tofali za saruji, chini vigae, juu jipsamu na bati. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba mara mbili, gawanya 350 kwa jibu hilo, unapata hezi 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Fanya hivyo kwa upana, unapata kama 44. Kwenye masafa hayo wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na mawili hayo yanasimama pale pale. Kwenye kuta, na zaidi kwenye kona, besi inavuma kupita kiasi. Katikati ya chumba inakaribia kutoweka. Uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41, kwa hiyo noti za chini za muziki wa dansi zinaangukia palepale penye vurugu. Na tofali la saruji halisaidii, kwa sababu karibu besi yote linairudisha ndani. Jipsamu angalau inatikisika, inameza kiasi, na nyingine inapita juu kwenye bati kwenda kwa watu.

Mstaafu mmoja aliniita akiamini sabufa yake imeungua. Ilikuwa kubwa, imewekwa kona ya mbele, na kiti chake kiko katikati kabisa ya sebule. "Mwanangu, jirani analalamika kila nikiwasha, na mimi mwenyewe hapa sisikii kitu." Nikamwomba, "Mzee, hebu inuka, tukisogeze kiti nyuma kidogo." Hatukugusa waya wala nobu. Kiti kilipofika kama theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa nyuma, besi ilikuwepo, imenyooka, noti moja moja zinahesabika.

Mtu akiwa na bajeti nzuri, mimi humshauri sabufa mbili za inchi 10 kuliko moja ya inchi 15. Moja ikae katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zikitazamana. Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, alionyesha kwamba mpangilio huu unakaribia sana kuwa mzuri kama sabufa nne. Sababu yake inanifurahisha kila nikiieleza. Lile wimbi la hezi 35 linataka upande mmoja wa chumba usukume wakati mwingine unavuta. Sabufa zako zinasukuma pamoja, basi linakosa nafasi ya kuamka. La hezi 44 lina sehemu yake tulivu kwenye mstari wa katikati ya upana, na sabufa zote mbili ziko juu ya mstari huo, hivyo haziligusi. Ila zote ziwe za aina moja, sauti sawa, na swichi ya fezi (inayoamua spika ianze kwa kusukuma au kwa kuvuta) upande mmoja. Ukiigeuza moja umeharibu mpango wote.

Ukiwa na moja tu, iweke juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha piga magoti na uzunguke ukutani, sikio likiwa karibu na sakafu. Utapita sehemu zinazonguruma na sehemu tupu. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa uzito unaolingana, ndipo sabufa itakapokaa. Majirani wakichungulia dirishani wakakuona unatambaa, endelea tu.

Krosova, yaani mpaka ambapo sabufa inaziachia spika nyingine kazi, iweke hezi 80. Halafu piga toni ya hezi 80 kwa simu iliyounganishwa na muziki, kaa kwenye kiti, mwenzako ageuze fezi za sabufa kutoka 0 kwenda 180, zote pamoja kama ni mbili. Baki na ile inayotoa sauti kubwa zaidi. Mwenye laptopu na maikrofoni ya kupimia atumie Room EQ Wizard, programu ya bure, aone mabonde na vilima kwa macho.

Sponji ukutani haliondoi besi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita 9, na sponji la sentimita 10 halilitishi. Kazi yake ni kutuliza mwangwi wa sauti za juu, ambao kwenye vigae na saruji ni mkali. Mimi hutengeneza fremu ya mbao, naijaza sufi, naivisha gunia safi la korosho, kwa sababu gunia linapitisha hewa. Iache sentimita kadhaa mbali na ukuta, isije ikaota ukungu kipindi cha mvua. Sufi inashika moto haraka, kwa hiyo iwe mbali na waya na amplifaya.

Baada ya hapo pandisha toni polepole kutoka hezi 20 hadi 100 na usikilize nyumba. Kioo cha dirisha la alumini kitaimba, skrubu za jipsamu zitalia. Bonyeza kwa kidole kila kinacholia. Kikinyamaza, weka mpira au kaza.

Kwa sisi tuliokaribu na bahari, chumvi hula vichwa vya waya. Vifungue mara kwa mara, uvisugue hadi ving'ae, uvikaze tena. Na ukinunua spika iliyotumika, bonyeza taratibu ukingo unaozunguka koni: wa mpira utarudi, wa sponji uliochoka utamong'onyoka mkononi, na hiyo iache dukani.