Kuvunjika kwa pingili za kifua: swali ni kama mgongo bado unajishikilia

Uti wa mgongo wa kifua una pingili 12, T1 hadi T12, na zote zimeungana na mbavu. Mbavu huzikaza, ndiyo maana kijana mwenye mifupa mizima huzivunja kwa kishindo kikubwa tu: ameanguka kutoka juu ya mnazi au bodaboda yake imegongwa na lori. Kwa bibi mwenye osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na dhaifu, kuinua ndoo ya maji kunatosha, naye huenda akadhani ni uchovu wa mgongo tu. Mivunjiko mingi hutokea karibu na T12, pale sehemu iliyokazwa inapokutana na kiuno kinachopinda.

Mwaka 1983 daktari Francis Denis aliugawa uti katika nguzo tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Ikibonyea ya mbele peke yake, pingili huwa kama kabari na kwa kawaida mgongo bado unajishikilia. Ikipasuka na ya kati, vipande vya mfupa vinaweza kusukumwa nyuma kwenye tundu unamopita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva itokayo kwenye ubongo, na tundu la kifuani ni jembamba. Zikiachia zote tatu, pingili huweza kuhama, na kupooza huwa karibu sana.

Kwa hiyo majeruhi habebwi mikono na miguu kama gunia. Hugeuzwa mwili mzima kwa pamoja, hupimwa nguvu za miguu na hisia, pamoja na njia ya haja kubwa, ndipo apigwe picha. Eksirei husaidia, ila mabega huficha pingili za juu. CT, picha ya eksirei ya vipande vipande inayopangwa na kompyuta, huonyesha mfupa vizuri zaidi; MRI, picha ya sumaku, huonyesha ugwe na kano. Ukipatikana mvunjiko mmoja, uti wote uchunguzwe.

Mgongo ukiwa imara na neva ni nzima, dawa za maumivu na kuanza kutembea mapema hutosha kwa wengi, wengine wakivalishwa mkanda. Usipokuwa imara, au neva zikizidi kudhoofu, hufikiriwa upasuaji wa kufunga skrubu na vyuma. Bibi yule atibiwe na osteoporosisi yenyewe, la sivyo pingili nyingine itafuata.

Kumbukumbu za faili la mgonjwa ndizo hudharauliwa. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, pingili moja ya kifua iliyovunjwa na ajali ni S22.0, kadhaa ni S22.1; iliyovunjika kwa osteoporosisi huingia M80. Lakini msimbo hautoshi. Faili litaje pingili ipi, mvunjiko wa aina gani, daraja la neva kuanzia A (hakuna nguvu wala hisia chini ya jeraha) hadi E (neva ni nzima), na saa ya kipimo. Mguu uliosogea saa nne asubuhi na kugoma saa kumi jioni ni dharura, ila daktari wa zamu ya jioni atalijua hilo endapo tu yule wa asubuhi aliandika.