Rangi ya shaba ndani ya Lexan: kupanga rangi angavu na za metaliki kwenye bodi ya gari la rimoti

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wa hapa Lubumbashi wanaojenga magari ya rimoti ni namna ya kupata bodi yenye rangi ya shaba iliyo na kina, yaani rangi ambayo jua likiipiga inawaka kutoka ndani. Katika mji huu swali hilo lina uzito wake, kwa sababu hapa kila mtu anaijua shaba: ameiona ikifuliwa kwa nyundo na mafundi wa sanaa, ameishika kwenye waya, na anafahamu kwamba shaba iliyokatwa sasa hivi ina wekundu wa waridi ambao shaba iliyokaa miaka mingi haina tena. Si rahisi kumridhisha mtu wa Lubumbashi kwa rangi ya kahawia inayong'aa kidogo. Rangi ya shaba iliyochanganywa tayari kwenye kopo ipo na inafaa kwa kazi ya haraka, lakini chembe zake za metali na rangi yake vimekaa katika tabaka moja, na jicho linalitambua hilo mara moja. Mimi huitengeneza shaba kwa matabaka mawili tofauti, la rangi na la fedha, na hapa nitaeleza kwa nini mpangilio wake ndio unaoamua kila kitu.

Fundi wa karosri, yaani wa bodi za magari, wa mtaa wa Katuba hapa mjini anayepaka gari la kweli huanza na rangi ya fedha, akafuatisha rangi inayopitisha mwanga, akamalizia na vanishi. Kwenye bodi ya gari la rimoti utaratibu huo hugeuzwa wote. Bodi hizi hutengenezwa kwa karatasi ya plastiki ya polikaboneti, ambayo wengi huiita Lexan kwa jina lake la biashara, iliyopashwa moto na kufyonzwa juu ya kalibu. Unene wake kwa kawaida ni milimita 0.75 au 1, huja bila rangi yoyote, na hupakwa kwa upande wa ndani ili mikwaruzo ya barabarani isiifikie rangi. Plastiki yenyewe ndiyo vanishi. Tabaka la kwanza kuigusa ndilo linaloonekana mbele, na kila linalofuata huonekana kwa kadiri yale yaliyotangulia yanavyoruhusu mwanga kupita. Ukitangulia kupuliza fedha, rangi ya chungwa utakayoiweka nyuma yake haitaonekana kamwe, hata ukimaliza kopo zima.

Rangi zenye kupitisha mwanga nitaziita hapa rangi angavu. Mwanga wa jua hupita kwenye plastiki, hupita kwenye rangi angavu, hugonga chembe za alumini zilizo nyuma, kisha hurudi kwa njia ileile na kupita kwenye rangi hiyo kwa mara ya pili kabla ya kufika machoni. Kwa hiyo tabaka moja hufanya kazi ya matabaka mawili, na hapo ndipo kina kinapotoka. Hapo pia ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa bodi iliyopulizwa rangi angavu peke yake huonekana imefifia inapoinuliwa kuelekea dirishani. Mtu huongeza tabaka, akaongeza jingine, na baada ya fedha kuwekwa anakuta kahawia nzito aliyokuwa hakuikusudia. Rangi isihukumiwe kwa kutazama kupitia bodi. Mimi hukata kipande cha plastiki iliyopakwa fedha, nikakishikilia nyuma ya bodi bila kugusa rangi mbichi, na kutazama kutoka upande wa nje chini ya anga wazi. Ninachokiona hapo kinakaribiana sana na kile kitakachobaki mwishoni.

Kuhusu rangi zenyewe, lazima ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya polikaboneti. Kwa wanaotumia makopo ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, herufi za kutafuta ni PS. Yale yenye herufi TS ni ya plastiki ngumu ya modeli za kuunganisha na hayashiki vema kwenye Lexan. Rangi ya magari ya kweli, hata iwe nzuri namna gani, hukauka ikawa ngumu, na bodi inapojikunja kwenye ajali ya kwanza rangi hiyo hupasuka na kubanduka vipande vipande. Na tina, kile kiyeyusho cha rangi, isikaribishwe kabisa: hushambulia polikaboneti, ikaifanya iwe na ukungu na nyufa ndogondogo zisizoondoka. Kwa shaba, ninatumia rangi angavu ya chungwa, PS-43, pamoja na rangi ya moshi, PS-31. Nyuma yake fedha ya PS-12, na mwisho nyeusi, PS-5. Anayetaka shaba inayoelekea dhahabu anaweza kuanza na pazia jepesi, yaani tabaka jembamba sana, la manjano angavu, PS-42.

Bodi huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya vidole na mabaki ya kiwandani hayaonekani mpaka rangi inapokataa kushika. Ikaushwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha iachwe imalizie kukauka yenyewe. Kusugua polikaboneti kwa kitambaa kikavu huipa umeme tuli, na katika miezi yetu ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la barabara huvutwa na umeme huo na kukaa ndani ya bodi. Chini ya rangi ya kawaida punje moja ya vumbi husameheka. Chini ya rangi angavu haifichiki, kwa kuwa fedha iliyo nyuma huimulika. Madirisha hufunikwa kwa skochi (utepe wa kubandika) ya karatasi au stika zinazokuja na bodi, na kingo zake zikandamizwe kwa ukucha, maana rangi angavu ni nyepesi na hupenya palipoachwa wazi hata kidogo.

Sasa upulizaji. Kopo nalishika umbali wa sentimita 20 hadi 30, nikaanza kubonyeza nje ya ukingo wa bodi na kuachia baada ya kuuvuka ukingo wa pili, ili ule mpigo wa kwanza wenye matone usianguke ndani. Tabaka la kwanza la chungwa liwe kama vumbi lililotawanyika, lisilofunika kitu. Tabaka la pili nalipitisha kwa kukatiza mwelekeo wa la kwanza, na ninasubiri kila moja likauke kabla ya kuendelea, nikijaribu kwa kidole kwenye ukingo utakaokatwa baadaye. Mahali pa kuchungwa zaidi ni kona za ndani, kwenye matao ya magurudumu na chini ya paa, ambako rangi hujikusanya. Kwa rangi isiyopitisha mwanga mkusanyiko huo si kitu. Kwa rangi angavu kila palipo na unene wa ziada pataonekana pameiva kuliko pengine. Kuna waliogeuza jambo hili kuwa sanaa, nami ni mmoja wao: ninapitisha moshi kidogo kwenye kingo na kwenye mistari ya milango, nikaiacha katikati ya paneli ikiwa chungwa tupu, na bodi inapata sura ya shaba iliyofuliwa, ambayo mabonde yake yameanza kuzeeka huku migongo ikiendelea kung'aa. Moshi na chungwa vyote vikiwa angavu, kutangulia kwa kimoja mbele ya kingine hakubadilishi sana matokeo. Fedha ndiyo isiyosamehe nafasi yake.

Tabaka la fedha linastahili subira kuliko yote. Chembe zake ni vipande bapa vya alumini, na namna vinavyolala ndiyo inayoamua kama bodi itaonekana kuwa kitu kimoja au itakuwa na mawingu. Rangi ikipulizwa nyingi na mbichi, chembe huelea ndani ya umajimaji, zikasogea na kujikusanya kabla ya kukauka, na matokeo yake ni madoa ya giza na mwanga ambayo hayarekebishiki, kwa kuwa hutokea upande uleule unaotazamwa. Zaidi ya hayo, umajimaji mwingi unaweza kulilainisha tena chungwa lililokwisha kukauka na kulivuta. Dawa ni moja: mapazia mengi mepesi yanayokauka karibu mara tu yanapotua. Kopo litikiswe kabla ya kila pazia, maana alumini huzama chini upesi. Fedha ikifunika kiasi kwamba mkono uliowekwa nyuma ya bodi hauonekani tena, hapo inatosha.

Halafu nyeusi. Wengine huiona ni ya hiari. Kwangu haiepukiki, kwa kuwa fedha nyembamba bado hupitisha mwanga kidogo kutoka ndani ya gari, na mwanga huo huidhoofisha shaba mchana wa jua kali. Nyeusi huuziba na kuikinga fedha dhidi ya mikwaruzo ya betri na nyaya. Ila isipulizwe mpaka fedha iwe imefunika sawasawa, la sivyo giza litachungulia na kuibadilisha rangi yote. Nyeupe nyuma ya fedha inawezekana pia, na mahali palipo pembamba huacha shaba iliyo nyepesi zaidi.

Hali ya hewa yetu inadai heshima. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi, shinikizo la kopo hupungua na matone huwa makubwa; naliweka kopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika chache, na halikaribii mbabula, lile jiko la makaa, hata kidogo, kwa sababu makopo haya hayapaswi kuzidi nyuzi 50 na gesi yake inawaka. Wakati wa mvua, unyevunyevu unaweza kuifanya rangi iwe na ukungu mweupe, kwa hiyo nasubiri saa za mchana ambapo hewa imekauka. Wenye aerografu (kipulizio kidogo cha rangi kinachotumia hewa) na kompresa wana uhuru mkubwa zaidi wa kuchanganya kivuli wanachokitaka, na kwa kuwa umeme hukatika, kompresa yenye tangi la hewa ni bora, maana huruhusu kumaliza pazia lililokwisha kuanza. Barakoa ya kuchuja mvuke ivaliwe kwa vyombo vyote viwili. Ya kitambaa haitoshi.

Filamu ya kinga iliyo nje ya bodi hubanduliwa baada ya kila kitu kukauka kabisa, na ndipo bodi ikatwe. Vile vipande vya pembeni visitupwe, maana hakuna mahali pazuri zaidi pa kujaribia mchanganyiko mpya kuliko plastiki ileile.

Waliofanikiwa na shaba hunijia baadaye wakitaka rangi ya malakiti, lile jiwe la kijani, na wengi hudhani kwamba inatosha kubadilisha chungwa kwa kijani angavu. Malakiti ni jiwe, haling'ai kama metali, na fedha nyuma yake hutoa kijani kizuri cha gari la mashindano lakini si jiwe letu la Katanga. Kwa malakiti ninafunika bodi kwa mistari ya skochi iliyokatwa kwa kupindapinda, ninapuliza pazia la kijani angavu, PS-44, ninabandua baadhi ya mistari, ninapuliza tena, na kuendelea hivyo mpaka pale palipopata mapazia mengi pawe na kijani kizito na palipopata moja pabaki pepesi. Nyuma yake naweka nyeupe isiyo na chembe hata moja ya metali, na baada ya nyeupe, nyeusi.