Hema kulowa ndani sio lazima linavuja

Ukiamka ukakuta hema lako dogo la mtu mmoja limelowa ndani, watu watakwambia linavuja, rudisha dukani. Jamani, kama haikunyesha hayo maji mara nyingi ni mvuke wa pumzi yako mwenyewe. Kule Shira, Kilimanjaro, karibu mita 3,800, usiku baridi inaweza kushuka chini ya sifuri, sasa ule mvuke ukigusa kitambaa unageuka matone, mengine yanaganda kabisa, ukitikisa hema yanakudondokea usoni. Na ukifunga zipu zote upate joto ndo unazidisha, acha matundu ya juu wazi, asubuhi futa na kitambaa. Ila usilikunje bichi ukalisahau stoo, ule utando wa ndani unaozuia maji unaharibika, unanata, unanuka, hapo sasa ndo litavuja kweli.