Mfupa wa ulimi uliomfanya amfibia aitwe kinyonga

Mwaka 2016 kipande cha kaharabu (utomvu wa miti wa kale uliogeuka kama jiwe) kutoka Myanmar, chenye umri wa miaka milioni 99, kilitangazwa kuwa kimehifadhi kinyonga wa kale. Mwili wenyewe ulikuwa wa karibu sentimita 1 tu, na kooni mlikuwa na mfupa mrefu mwembamba kama kijiti. Kinyonga naye ana mfupa wa namna hiyo: ulimi umeuvaa, misuli inapoubana ulimi unafyatuka.

Lakini yule hakuwa kinyonga, wala mtambaazi wa aina yoyote. Alikuwa albanerpetontidi, familia ya amfibia (kundi la akina chura) wadogo ninaowasoma mimi. Zamani walihesabiwa kuwa salamanda (kwetu kusini mwa Sahara salamanda hawapo, mfikirie mnyama mwenye umbo la mjusi na ngozi ya chura), mpaka mwaka 1982 watafiti Richard Fox na Bruce Naylor waliposema kuwa hawa ni kundi la peke yao. Weka taya lao chini ya hadubini utaona sababu. Kidevuni nusu mbili za taya zimeshikana kama mbao alizounga fundi seremala, ncha ya huku ikiingia kwenye tundu la kule. Kila jino, dogo kuliko chembe ya chumvi, lina vilele vitatu. Juu ya hayo walikuwa na magamba, na kucha vidoleni.

Fuvu lao gumu lilitufanya tuamini kwamba walikuwa wachimbaji, wakipenya udongoni kwa kichwa. Kisha likapatikana fuvu zima la mmoja wao aliyekomaa, nalo pia ndani ya kaharabu ya Myanmar. Mtafiti Susan Evans, aliyekwisha kuwachunguza wale wa Hispania, akalitambua kuwa la albanerpetontidi. Mwaka 2020 Juan Diego Daza, aliyeongoza pia utafiti wa 2016, akasahihisha kosa hadharani pamoja na wenzake, wakampa mnyama jina Yaksha perettii. Namheshimu sana kwa hilo. Mfupa ulikuwa wa ulimi wa kufyatua kweli, ila mwenyewe alikuwa amfibia: alikaa akavizia wadudu, hakuchimba.

Ukoo wake na wa kinyonga ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kwa hiyo kila mmoja aliupata ulimi huo kwa njia yake.

Familia hii ya albanerpetontidi ilidumu tangu Jurasiki, zama za dinosauri, ikaacha mifupa hadi Moroko. Wa mwisho tunaowajua waliishi kaskazini mwa Italia takriban miaka milioni 2 iliyopita, binadamu wa kale wakiwa wameshaanza kuchonga mawe huku Afrika Mashariki.