Pai ya Kikajuni si lazima iwashe

Wengi hudhani pai ya kamba ya Wakajuni wa Louisiana, Marekani, sharti iwashe mpaka machozi yatoke. Sivyo. Pilipili ya unga hutiwa kidogo tu. Ladha hasa hutoka kwenye kitunguu, seleri na pilipili hoho, vinavyolainikia ndani ya unga wa ngano uliokaangwa kwa siagi. Hapo usifanye haraka, nakusihi. Koroga bila kuacha, moto mdogo, hadi unga ufanane na karanga zilizokaangwa na jiko zima linukie. Ukiona vidoa vyeusi, umeungua: mwaga, anza upya. Kamba huingia mwisho, na wakianza tu kugeuka waridi, epua. Wataivia kwenye oveni. Rojo lipoe kwanza kabla ya kulijaza, lisije likalowesha ganda la pai.