Mimba kutoka mara kwa mara: kwa nini daktari huuliza wiki kwanza

Mimba kutoka maana yake ni ujauzito kuharibika wenyewe kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo. Kwa Tanzania mpaka huo huwekwa kwenye wiki 28. Kutoka mara moja si ajabu: kati ya mimba 100 zilizokwisha kugundulika, 10 hadi 15 huishia hivyo. Tatizo huhesabiwa kuwa la kujirudia mimba zilizotoka zikifika mbili au tatu, kutegemea mwongozo anaoufuata daktari. Mama wa miaka 38 asingoje ya tatu.

Kabla ya vipimo vyovyote, kinachosaidia zaidi ni kujua kila mimba ilitoka ikiwa na wiki ngapi, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na nini kilitangulia: damu, maumivu au maji. Je, utrasaundi iliwahi kuonyesha mapigo ya moyo? Andika haya nyuma ya kadi ya kliniki mapema, maana baada ya mwaka mmoja husahaulika.

Mimba ikitoka kabla ya wiki 12, mshukiwa wa kwanza ni kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya chembe zinazobeba urithi. Karibu kila chembe ya mwili wa binadamu hubeba 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Yai likigawanyika vibaya, mtoto huanza na 47 au 45, na mara nyingi ukuaji husimama baada ya wiki chache. Takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema ziko hivi. Mayai ya mwanamke yamo mwilini tangu kabla hajazaliwa, kwa hiyo umri ukisogea makosa huongezeka: katika miaka ya ishirini ni kama mimba moja kati ya kumi inayotoka, ukivuka 45 ni zaidi ya nusu. Kubeba ndoo ya maji au kulima hakuongezi wala hakupunguzi kromosomu.

Katika wenzi 2 hadi 5 kati ya 100 wenye tatizo hili, mmoja wao ana vipande vya kromosomu vilivyobadilishana nafasi. Yeye mwenyewe ni mzima kabisa, lakini baadhi ya mayai au mbegu zake hutoka na upungufu. Anaweza kuwa mume. Ndiyo maana kumpeleka mke peke yake hospitali, na familia ikibaki kumnyooshea kidole, ni kupima nusu ya jambo.

Picha hubadilika kama moyo ulionekana ukipiga, kisha ukasimama baada ya wiki ya 10. Hapo hutafutwa kingamwili zinazoshambulia kondo la nyuma na kufanya damu igande ovyo. Vipimo ni vitatu, na kikitoka chanya hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi ya kawaida yanaweza kupandisha kingamwili hizo kwa muda tu. Zikithibitika, tiba ipo: aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, pamoja na sindano ya heparini chini ya ngozi tangu mimba inapothibitika. Aspirini peke yake, iliyonunuliwa duka la dawa kwa kubahatisha, si tiba hiyo.

Mimba ikitoka kati ya wiki 14 na 24, angalia mlango wa kizazi. Ukiwa legevu hufunguka kimyakimya: mama husikia uzito chini, maji hupasuka, mtoto hutoka akiwa hai, na uchungu wenyewe ni mdogo mno. Katika mimba inayofuata mlango hushonwa uzi kwenye wiki ya 12 hadi 14 na kufunguliwa karibu na wiki ya 36 au 37. Njia nyingine ni kupima urefu wa mlango kwa utrasaundi ya ukeni; chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24 ni ishara mbaya.

Kizazi chenyewe kinaweza kuwa na ukuta katikati, uvimbe uliojitokeza kwa ndani, au makovu yaliyobaki baada ya kukwanguliwa. Kisukari kisichodhibitiwa na tezi ya shingo iliyolegea hutosha kupimwa kwa damu.

Vijijini Bahi, Chamwino au Kongwa mkoani Dodoma, kwenye mifugo mingi, ulizia pia maziwa mabichi na kushika kwa mikono mitupu ndama au mbuzi aliyezaliwa mfu: bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, huweza kutoa mimba. Ila maambukizi, malaria ikiwemo, kwa kawaida huondoa mimba moja, si nne mfululizo. Kaswende ndiyo inayoweza kurudi kama mume hakutibiwa.

Karibu nusu ya wenzi hawapati sababu yoyote baada ya vipimo vyote. Wengi wao huzaa bila tiba maalumu.

Lipo na lile la "damu zetu haziendani." Mama mwenye kundi la damu hasi (Rh hasi) aliyebeba mtoto wa kundi chanya anaweza kutengeneza kingamwili zinazoharibu damu ya mtoto, lakini madhara yake huja mimba ikiwa kubwa. Hayaelezi mimba inayotoka wiki ya nane. Hata hivyo mama huyo, mimba ikitoka baada ya wiki 12 au akijifungua, anahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72.