Tangi Lisilopumua: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Gari la Spoti la Zamani

“Magari ya zamani ndivyo yanavyonuka.” Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu inamzoesha mwenye gari kuishi na dalili ya hatari. Hakuna gari la spoti la miaka ya 1970 lililotoka kiwandani likinuka petroli ndani. Ukifungua mlango ukapokelewa na harufu, kuna mvuke unaotoroka mahali, na mara nyingi tangi lenyewe ni zima. Kilichochoka ni mipira ya kupumulia, yaani mirija ya mpira inayopitisha hewa na mvuke wa tangi, ambayo hakuna aliyeigusa kwa miongo kadhaa.

Chukua Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani. Tangi lake la lita 60 liko nyuma, chini ya sakafu. Juu yake inatoka mipira kadhaa inayopanda hadi kwenye tangi dogo la kutenganisha mvuke na mafuta, lililofichwa ubavuni nyuma ya paneli ya ndani. Mpira ukipasuka hapo, mvuke unaingia moja kwa moja walipokaa dereva na abiria. Fungua paneli hiyo, kisha ukague kwa vidole, usiishie kutazama. Kwa macho mpira utaonekana mzima. Ukunje kidogo kwenye kona, karibu na klipu, utaona nyufa nyembamba zikifunguka, na vidole vitabaki na unga mweusi. Ukiona hivyo kwenye mmoja, badilisha yote, maana yote ina umri mmoja na imekula joto lilelile.

Ila usikimbilie kulaumu petroli kabla ya kutofautisha harufu. Gari hilohilo linajulikana pia kwa kuvuta moshi wa ekzosi kupitia mpira wa kuziba ukingo wa mlango wa nyuma uliochakaa. Harufu inayokuja gari likiwa mwendoni tu, mtuhumiwa wa kwanza ni moshi. Harufu inayokukuta asubuhi, gari likiwa limelala limefungwa, ni petroli.

“Mipira hiyo iliwekwa kwa ajili ya sheria za Marekani tu, ng’oa uzibe matundu.” Kuna chembe ya ukweli hapa. Jimbo la California lilianza kudai mvuke wa tangi udhibitiwe kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa yale ya 1971. Ndiyo maana MGB, magari ya spoti ya Kiingereza, zilizopelekwa soko la huko zilifungwa kopo la mkaa wa kunasa mvuke, tangi la kutenganisha mvuke na kifuniko kisicho na tundu. Lakini sheria hazikuanzisha kupumua kwa tangi. Kabla yake tangi lilipumua pia, kwa tundu kwenye kifuniko au kwa paipu iliyoishia nje chini ya gari. Tofauti ni kwamba mvuke uliachwa uende hewani.

Ukiziba matundu unakaribisha matatizo mawili. La kwanza ni ombwe. Pampu inapovuta petroli, nafasi iliyoachwa lazima ijazwe na hewa. Isipoingia, presha ndani inashuka, na hewa ya nje inaanza kulibana tangi. Upungufu wa kilopaskali 10 tu, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya presha ya hewa ya kawaida, ukiukandamiza upande wa tangi wenye nusu mita ya mraba ni sawa na kuweka juu yake mzigo wa kilo 500 hivi. Bati linabonyea ndani, na lililoliwa na kutu linapasuka kwenye maungio. La pili ni joto. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Lita 60 zilizojazwa asubuhi ya baridi, zikipanda nyuzi 20 juani, zinahitaji nafasi ya zaidi ya lita 1, na mvuke nao unaongezeka. Presha ikikosa pa kutokea inaisukuma petroli mbele hadi kwenye kabureta, inaishinda sindano ya boya inayofunga petroli isiingie zaidi, na injini inalowa hata ikiwa imezimwa.

“Gari linazimika njiani, pampu imekufa.” Pampu ngapi nzima zimetupwa kwa dhana hii! Dalili ya tangi lililozibwa ina mpangilio wake: gari linakwenda vizuri kwa muda, linaanza kukosa nguvu, linazima, ukisubiri kidogo linawaka tena kana kwamba halikuwa na kitu. Likizima, fungua kifuniko cha tangi taratibu, mbali na moto wowote, usikilize. Hewa ikivutwa ndani kwa mlio na gari likawaka na kuendelea vizuri, tafuta njia ya hewa iliyoziba. Kama hakuna mlio na hali haibadiliki, basi angalia chujio, pampu, au petroli inayochemka ndani ya paipu kwa joto la injini.

“Toboa kifuniko, shida imekwisha.” Naomba sana usifanye hivi. Tundu hilo haliingizi hewa tu. Gari la spoti linakata kona kwa kasi, na tangi likiwa limejaa, petroli itamwagika kwenye rangi, na kwenye baadhi ya magari itashuka hadi kwenye ekzosi ya moto. Gari likipinduka ni balaa. Tatizo jingine ni kwamba kifuniko chenye njia ya hewa na kisicho nayo vinaweza kufanana kabisa kwa nje, na vingine vina vali inayoruhusu hewa kuingia lakini si mvuke kutoka. Soma kitabu cha gari lako ujue kiwanda kilikusudia nini, halafu ununue kinachostahili.

“Mpira ni mpira.” Hapana. Mpira wa maji ya rejeta unavimba na kulainika ukikutana na petroli. Mpira wa silikoni unavutia macho kwa rangi zake, lakini mvuke wa petroli unapenya ukuta wake, na utarudishiwa harufu ileile uliyotaka kuiondoa. Tafuta uliochapwa alama ya kiwango cha mipira ya petroli, SAE 30R7 au, bora zaidi, 30R9, ambao tabaka lake la ndani linahimili petroli yenye ethanoli. Kona kali zinataka mpira uliofinyangwa kwa umbo hilo tangu kiwandani, kwani wa moja kwa moja ukikunjwa unajifunga. Wala usiuache uning’inie katikati: petroli itatuama kwenye bonde hilo na kuziba njia ya hewa hata kama kila kitu ni kipya.

Kopo la mkaa nalo linadhaniwa ni pambo. Mkaa wake unanasa mvuke gari likiwa limesimama, na injini ikiwaka inavuta hewa kupitia humo na kuuchoma mvuke huo. Adui yake mkubwa ni kuongeza petroli baada ya bomba la kituo kujikata, kwa sababu petroli yenyewe inafika kwenye mkaa na kuuharibu.

“Tangi tupu ni salama kulichomelea.” Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na ni mzito kuliko hewa, hivyo unashuka na kujikusanya kwenye shimo la gereji. Chomoa betri, fanya kazi penye hewa nyingi, na kuchomelea mwachie fundi wa matangi.

Ukimaliza, utaambiwa upime uvujaji kwa kompresa. Kompresa ya gereji hutoa presha inayoweza kulitutumua tangi kabla hujaachia mkono. Tumia pampu ndogo ya mkono pamoja na mrija angavu uliopindwa umbo la U wenye maji: tofauti ya sentimita 25 kati ya pande mbili ni kilopaskali 2.5, na inatosha. Pakaa maji ya sabuni kwenye kila klipu, uache dakika chache, na utazame kama maji ndani ya mrija yanashuka.